Karatasi ya Kanisani na Nyumba ya Beechmont

Sifa zote ni kwa Mungu, aliyenitoa kambi ya wakimbizi akanipa riziki ya kutafsiri.

Siku yangu ya kwanza kwa wakili, kule Louisville, bosi aliniwekea karatasi mezani. "Hii ni hati ya kuachia haki," alisema. "Anayetia sahihi anasema: haki yoyote niliyo nayo katika nyumba hii, nakupa. Haahidi kwamba anayo. Waeleweshe wateja kwa Kiswahili kabla hawajashika kalamu."

Kisha nikahamia mji wa Columbus, katika ofisi ya hati za nyumba, chini ya meneja, mama mkali aliyetufanya tusome kwa sauti mipaka ya kila kiwanja. Mwisho nikaenda mji wa Buffalo, ambako niliapishwa kuwa notari, yaani mthibitishaji wa sahihi.

Huko akaja Baba Amani, Mkongomani aliyeishi karibu na Grant Street, hapo hapo Buffalo. Yeye na marehemu mdogo wake walikuwa wamenunua nyumba Beechmont, mtaa wa Louisville. Baada ya mazishi ya mdogo wake, aliandika mbele ya wazee wa kanisa kwamba sehemu yake amempa shemeji yake mjane, Mama Neema. Wakasaini, wakaomba, karatasi ikawekwa ndani ya Biblia. Wote waliamini mambo yamekwisha. Sasa paa lilivuja, na mpango wa msaada wa ukarabati ulimkataa Mama Neema kwa sababu rejista ya kaunti bado ilikuwa na jina la Baba Amani.

Baba Amani alikaa kifua mbele, mkewe kando yake. "Nilishatoa mbele ya Mungu! Nikitoa tena, watu watasema nilikuwa nimeichukua tena."

Nikaona hasira yake ni ya kulinda heshima. "Mzee, zawadi ni ileile. Mungu alisikia, wazee walisikia. Karani wa kaunti, mwenye rejista, hakuwepo. Leo tunampelekea habari."

Akacheka. "Donc, basi ni karani tu ndiye hajui?"

"Ni yeye tu. Na mkeo, Mama Amani, naye asaini, maana sheria ya Kentucky inampa mke haki katika nyumba ya mumewe."

Mama Amani akaruka. "Kumbe niko na nyumba Louisville, na hukuniambia? Bon, ningekuwa nimekuacha zamani!"

Wakasaini wote wawili hati ya kuachia haki, nikagonga muhuri. Hati ilipoandikishwa katika rejista ya kaunti, Mama Neema alinipigia simu. Vigelegele vyake vilinifanya nisogeze simu mbali na sikio. Mpango ulikuwa umemkubali, na mafundi walikuwa tayari juu ya paa.

Sasa nimestaafu. Nimeona ndugu wakivutana hadi mlangoni mwa ofisi, lakini nawakumbuka zaidi waliotoa wakicheka. Wewe unayesoma, Bwana akupe nyumba isiyovuja, na ndugu wa kukuachia haki yake kwa moyo mweupe.