Kozi Isiyokuwa na Idara

Chepkorir alizaliwa upande wa Elementaita, katika boma lililotumia kisima cha pampu pamoja na majirani wote wa mtelemko ule. Baba yake alichimba ule udongo mweupe wa Kariandusi, mwepesi kama chaki, na jioni alirudi nyusi zikiwa nyeupe kama za babu. Watoto wote wa pale walikuwa na meno ya kahawia. Hakuna aliyeona ajabu yoyote mpaka Chepkorir alipopelekwa shule ya bweni ya mbali, ambako wasichana wenzake walimuuliza kama kwao miswaki haijafika. Alisoma miaka yake ya kwanza huko akicheka kwa kufunika mdomo.

Siku moja mwalimu wa kemia alieleza darasa kwamba mawe ya Bonde la Ufa yalitoka kwenye volkeno, kwamba maji yakipita ndani yake huyeyusha floraidi, na kwamba mtoto akinywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanajengeka, hutoka na madoa ambayo hakuna mswaki utayaondoa. Aliyasema haya kwa haraka, kama jambo dogo la mtihani. Chepkorir aliniambia kwamba alitoka nje akalia kwa hasira. Kumbe lilijulikana! Kumbe watu walikuwa wanalijua siku zote na halikuwafikia nyumbani!

Ndiyo maana alisoma kemia, na akaisoma mpaka mwisho.

Mimi nilimfahamu akiwa tayari ni mhadhiri, katika chuo kimoja hapa Nakuru ambacho jina lake nitaliacha. Mimi nafundisha historia ya elimu, somo ambalo wanafunzi huliona kama adhabu. Tulikuwa tunakunywa chai kwenye meza moja kando ya dirisha, mimi, yeye, na Musab wa jiolojia, kijana wa mtaa wa Bondeni mjini ambaye babu yake alikuja kutoka Pwani kufanya kazi ya reli. Musab alikuwa mcheshi. Chepkorir akiwa naye alisahau kufunika mdomo, nami nililiona hilo.

Wakati huo mama yake alikuwa ameanza kuinama. Mwanzoni ilikuwa mgongo kukauka asubuhi, kisha magoti, kisha shingo ikakataa kugeuka, hata akiitwa ilibidi ageuze mwili wote. Alimwona daktari wa mifupa, akapigwa picha, akaambiwa ni uzee. Alimwona daktari wa neva, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Daktari wa meno aling'oa mawili yaliyokuwa yanamsumbua. Wote walimhudumia vizuri. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anakunywa maji ya wapi.

"Kila daktari anataka kipande yake tu," mama yule aliniambia siku nilipowatembelea. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, macho yakitazama miguu yangu kwa sababu hayangeweza kupanda zaidi. "Hakuna mwenye ananitaka mzima."

Chepkorir alikuwa anamimina chai. Aliiweka birika chini.

Juma lililofuata alikuja kwenye meza yetu ya chai amebeba jarida la utabibu, akaliweka mbele yangu bila salamu. Ndani yake iliandikwa wazi kwamba floraidi ile ile inayochafua meno ya mtoto hujaa mifupani mwa mtu mzima, mwaka baada ya mwaka, mpaka viungo vinashikana. Ikishafika hapo hairudi nyuma.

"Mimi ni daktari wa kemia," alisema. "Nimepima floraidi maisha yangu yote. Ya meno nilijua. Ya mifupa ilikuwa kwa vitabu vya watu wengine. Na maktaba ni moja, Anyango! Ilikuwa ghorofa ya juu tu."

Musab alimwondolea kikombe kilichokuwa karibu kumwagika.

"Nani aligawanya haya masomo?" Chepkorir aliniuliza. "Wewe ni mtu wa historia. Niambie."

Nikamwambia ninachojua. Kwamba zamani msomi mmoja aliweza kusoma nyota, dawa na sheria, na hakuna aliyemshangaa. Kwamba katika karne ya kumi na tisa vyuo vya Ujerumani vilijenga maabara na semina, na kila somo likaanza kupata profesa wake, jarida lake na chama chake, mpaka mtu wa somo moja akawa haelewi mwenzake anasema nini. Nikamwambia kwamba mgawanyo huo ulileta faida kubwa, kwa kuwa bila mtu wa kuzama kwenye kemia peke yake, floraidi yenyewe isingejulikana. Wengine wakaiga, na vyuo vilipofika huku kwetu vilikuja milango ikiwa tayari na vibao.

"Basi tufungue milango," alisema. Hakuwa anatania.

Hivyo ndivyo kozi ya Maji na Watu ilivyoanza. Chuo kiliiruhusu kwa majaribio, kwa sababu wakati ule kila mkutano ulikuwa unasifu masomo mseto. Tulipewa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Chepkorir alifundisha kemia ya maji, Musab akafundisha mawe yanayoyazaa, muuguzi mmoja akaja kufundisha mifupa, na mimi nikafundisha jinsi elimu inavyofika au isivyofika kwa watu. Wanafunzi walitoka kila upande. Kiplimo alikuwa wa jiolojia, Namalwa wa sosholojia, na mara ya kwanza walipoketi pamoja walibishana mpaka kengele ikalia.

Walitengeneza vichujio. Makaa ya mifupa hunasa floraidi, na mifupa haikosekani, Kikopey iko pale barabarani na nyama choma yake. Wanafunzi walikusanya mifupa buchari hadi buchari, wakaichoma kwenye tanuri, wakaisaga, wakaijaza kwenye ndoo zenye bomba. Maji yalitoka safi. Chepkorir aliyapima mara nyingi, na kila mara alinionyesha kana kwamba sikuamini.

Lakini akina mama wa kule Elementaita waliyakataa. Musab mwenyewe, kabla ya kunywa, alikuwa ameuliza, "Hao ng'ombe wamechinjwa na nani?" na swali hilo likatufumbua macho kwamba watu wangetaka kujua mifupa imetoka wapi. Namalwa alitumwa akakae na wale akina mama, awasaidie kupika, asikilize. Alirudi na jibu ambalo hakuna kipimo cha maabara kingelitoa: kulikuwa na uvumi kwamba mifupa ile ilitoka mochari.

Tukawakodishia gari akina mama wale, wakapelekwa Kikopey. Walisimama wakatazama mifupa ikitoka mezani, wakaifuata hadi chuoni wakaiona ikiingia tanurini. Mama yake Chepkorir ndiye aliyekunywa kwanza. Hakuweza kuinua kichwa, kwa hiyo alikunywa kwa mrija, huku binti yake ameshika kikombe. Kisha akasema, "Haina kitu. Ni maji tu." Wote wakacheka, na Chepkorir akacheka mdomo wazi, mbele ya watu.

Kwa mama yake tulikuwa tumechelewa, na wote wawili walijua. Ila katika boma la jirani kulikuwa na msichana mdogo aliyeitwa Mugure, aliyeanza kunywa maji ya ndoo bado akinyonya. Miaka ilipopita, meno yake ya ukubwani yalitoka meupe. Mama Chepkorir alikuwa akimwita kila siku, amshike kidevu, amfungue mdomo atazame. Kwa kimo chake mtoto yule alikuwa mmoja wa watu wachache ambao mama bado aliweza kuwatazama usoni.

Kisha chuo kikabadilisha utaratibu. Kila mhadhiri alitakiwa kuhesabiwa katika idara moja, na kila kozi iwe na idara inayoimiliki. Isiyo na mwenyewe ingefungwa. Tuliitwa kwenye kikao.

"Hii kozi iko chini ya nani?" mkuu wa kitivo aliuliza.

Mkuu wa kemia alisema, kwa upole kabisa, kwamba nusu ya kazi ni mahojiano na akina mama, na hiyo si kemia. Mkuu wa sosholojia alisema kwamba nusu nyingine ni vipimo, na hawana mtu wa kuvisahihisha. Mimi nilisema elimu tungeichukua, nikajibiwa kwamba elimu haina maabara, na ni kweli haina. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya mle ndani. Kila mmoja aliisifu kozi kabla ya kuikataa.

"Daktari Musab, jiolojia je?"

Sote tulimgeukia. Musab alikuwa mkuu mpya wa jiolojia, na neno lake lingetosha. Alikuwa ameshaambiwa kwamba akitaka kupanda, maandishi yake yawe ya mawe na si ya ndoo. Aliitazama meza.

"Kwa sasa, hapana," alisema.

Chepkorir alisimama. Alikusanya vitu vyake, akaniomba nimpishe apite, akatoka. Musab alimfuata hadi kwenye ngazi, nikawasikia.

"Chep, nielewe. Hata ningesema ndiyo, wangeifunga mwaka ujao."

"Ningekuwa na mwaka," alijibu.

Hawakunywa chai pamoja tena. Baadaye Musab alihamia Olkaria, kwenye kazi ya mvuke wa ardhini, na nasikia anaifanya vizuri.

Makaa ya mifupa hayadumu. Yakishajaa floraidi ni lazima yabadilishwe, na kwa macho huwezi kujua, lazima yapimwe. Kazi hiyo ilikuwa ya wanafunzi, na kozi ilipofungwa walirudishwa kila mmoja kwenye idara yake. Chepkorir alijaribu kuendelea peke yake Jumamosi, lakini maboma yalikuwa mengi na tanuri lilikuwa limebomolewa kupisha maegesho. Alipita akiwaeleza watu kwamba ndoo zimechoka, wasizitegemee. Wengine hawakumwelewa. Walikuwa wametumia muda mwingi kujifunza kuziamini, na sasa ni yeye yule aliyekuwa akiwaambia waache. Watu waliendelea kufungua bomba na kunywa.

Mdogo wa kike wa Mugure alikua kwa maji hayo. Meno yake yalipotoka, yalitoka kahawia. Chepkorir aliwakuta dada hao wawili wakicheza mbele ya boma, wote wanacheka, na akarudi nyumbani kwa mama yake akaingia jikoni akafunga mlango. Mama yake aliniambia alimsikia akilia mle ndani, naye aliyekuwa nje hakuweza kuinuka kumfuata.

Mama alifariki kwa homa ya mapafu wakati wa mvua. Kifua chake kilikuwa kimekunjwa sana, hewa haikuwa na nafasi. Nilikuwa na Chepkorir tulipokwenda kwa fundi wa majeneza mjini. Fundi aliuliza urefu. Chepkorir akasema urefu si neno, anataka kimo, kwa sababu mama yake hawezi kulazwa chali.

"Mochari watamnyoosha, mathe," fundi alisema, akijaribu kumfariji. "Huwa wananyoosha."

"Hawezi kunyooka. Watamvunja."

Fundi akaweka kalamu sikioni, akamtazama. "Basi nitaweka la kina," alisema. "Nitafanya poa, usijali."

Alilifanya vizuri kweli. Lilikuwa jeneza refu kwenda juu, na pana, kama sanduku la nguo, na waombolezaji waliolibeba hawakujua washike wapi. Mama Chepkorir alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, kama mtu aliyepitiwa na usingizi mchana.

Musab alikuja mazishini kutoka Olkaria. Alisimama nyuma na wanaume, na kaburi lilipofukiwa alikuja mbele akampa Chepkorir mkono. Mkono mwingine akauweka kifuani.

"Pole, Chep. Mama alikuwa ananiita mkwe," alisema.

"Najua. Hakuacha kukuita."

Alitaka kuendelea kusema. Chepkorir alingoja kwa muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningengoja. Halafu wazee wakaita watu waende kula, na Musab akashika njia ya gari lake.

Chepkorir bado anafundisha, kemia ya mwaka wa kwanza, asidi na besi, katika ukumbi mkubwa ambao nyuso za wanafunzi hazionekani vizuri. Namalwa alimpigia simu mwaka huu. Yuko ng'ambo, katika taasisi ambayo kemia, tiba na sosholojia ziko chini ya paa moja, na alitaka kumwalika akahutubie. Chepkorir alimshukuru sana. Alimwambia amefurahi, na nilipomtazama niliona amefurahi kweli. Kisha akamwambia kwamba hataweza, amechoka. Akaniomba nimpitishie sukari, na tukazungumza juu ya ratiba ya mitihani.

Chumba chetu kimerudishiwa viti vibovu.