Printa Iliyoajiriwa Kabla ya Jairus

Kwa miaka tisa Jairus Opiyo ndiye aliyekuwa waya.

Hakuna aliyemwita hivyo. Kwenye karatasi za kiwanda aliandikwa tarishi, kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Lakini kiwanda chenyewe, cha chai, kidogo tu, juu ya Kimulot, kilikuwa na kompyuta sita bondeni kwa makarani na printa moja kilimani kwa meneja. Katikati kulikuwa na ngazi mia moja na kumi na mbili, mistari minane ya chai, na Jairus. Karani akimaliza barua aliitia kwenye flashi. Jairus aliivaa flashi shingoni, akapanda, akaichomeka kwenye printa, akashuka na karatasi ndani ya koti la mvua.

Kuihamishia printa bondeni halikuwa jambo la kujadiliwa. Ilifunikwa kitambaa cheupe na waridi kilichofumwa na mama mkwe wa meneja kwa kipimo cha meza ile ile. Zaidi ya hayo, meneja mwenyewe, Bwana Kipyegon, alishikilia kwamba ofisi ya meneja isiyo na mashine ni stoo yenye kalenda.

Ndipo wakaguzi wakaja. Walikaa siku moja, wakanywa chai ya kiwanda bila kuisifu, wakaandika kwamba flashi inaeneza virusi na kwamba kuna mtu anayelipwa kupanda kilima. Safari za kushuka hawakuziona. Walikuwa wameketi upande wa juu. Wakapendekeza waya. Siku printa itakapozungumza na kompyuta yenyewe, Jairus ataenda uwanja wa kuni kupasua magogo ya boila. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na mgongo ambao daktari wa hospitali ya Longisa aliwahi kuutazama kwenye picha, kisha akamtazama mwenyewe, kisha akauliza kama ana watoto wa kumsaidia.

Fundi Nicholas alitoka Kericho na gurudumu la waya wa buluu. Akapewa Jairus awe msaidizi, maana ndiye aliyeijua njia. Siku mbili Jairus alichimba mtaro kati ya michai, mnyoofu, wenye kina sawa, kwa bidii ambayo hata yeye hakuielewa. Siku ya tatu Nicholas alichomeka waya kwenye printa, taa ya kijani ikawaka, na Rodah, sekretari kule bondeni, akachapa ukurasa mmoja wa majaribio. Meneja aliomba paombewe. Pakaombewa.

Jioni umeme ukapotea. Asubuhi uliporudi, kompyuta zote sita zilidai printa haipo.

Nicholas alikata ncha za waya akazifunga upya. Akapanda, akashuka, akapanda. "Mzee, hii mtaro lazima tufukue yote," akasema mwishowe, akihema.

Jairus alikuwa amekwisha kuona tatizo tangu saa mbili. Kwenye kioo kidogo cha printa, alichokitazama miaka tisa akingojea karatasi, kulikuwa na namba. Jana iliishia kumi na saba, leo, arobaini. Angeweza kunyamaza. Alinyamaza hadi saa saba, na huo ndio ulikuwa uwezo wake wote. Kuona mashine ile ikiambiwa haipo, nayo ipo, kulimshinda.

"Fundi, hii ni kama vibarua getini," akasema. "Kila asubuhi unapewa namba yoyote. Jana ulikuwa kumi na saba, leo uko arobaini. Anayekuita kumi na saba hakupati."

Nicholas akatazama kioo. Akajipiga paji la uso. "Mzee! Umesomea wapi hii kitu?"

"Getini."

"Basi tunaipa namba ya kudumu. Hata umeme ukipotea, haibadiliki." Akabonyeza, akabonyeza tena. "Imekuwa *permanent*."

Ilikuwa siku ya pili ya printa kwenye mtandao. Jairus aliirudishia kitambaa chake, akakinyoosha pembe. "Hongera," akaiambia.

Kesho yake makarani walichapa kwa furaha ya watu walioachiliwa. Kufikia saa nne mvua ilikuwa imeanza, na karatasi zilikuwa zimejaa mezani kwa Bwana Kipyegon, kwenye kiti cha wageni, na zikaanza kushuka sakafuni. Akapiga simu.

"Rodah, karatasi zenu ziko hapa kwangu."

"Asante Mkubwa, kumbe zimefika!"

"Zimefika *kwangu*."

"Ndiyo. Si hiyo ndiyo network?"

"Sasa nani anazichukua?"

Mvua ilisikika pande zote mbili za simu. "Si ni Jairus huwa," akasema Rodah.

Jairus alikuwa kwenye benchi nje ya mlango akingojea barua yake ya uhamisho, ambayo Rodah aliichapa ya kwanza kabisa. Meneja akamwita, akaifukua kutoka kwenye rundo.

"Hii ni yako, mzee. Weka sahihi uende kwa kuni."

Jairus akafungua daftari la kupokelea barua, linaloandamana na tarishi kila aendako. "Mkubwa, hapa ni sahihi ya aliyepokea. Hiyo ni mimi. Na hapa ni ya aliyeleta, ambayo ni ya tarishi."

"Weka zote mbili."

"Wakaguzi walikataza mwaka jana. Waliandika kwa kalamu nyekundu, ona. Mtu mmoja asijiletee barua."

"Tarishi mwingine ni nani?"

"Hakuna, Mkubwa."

Bwana Kipyegon alitazama mvua, akatazama ngazi, akatazama printa, iliyokuwa ikitoa ukurasa wa thelathini na moja wa Rodah bila haraka, kama mwajiriwa wa kudumu.

"Peleka hizi chini kwanza," akasema.

"Na hii yangu?"

"Iweke hapo."

Jairus akaiweka chini ya kitambaa, akatia karatasi nyingine ndani ya koti, akashuka. Barua bado ipo. Kila Jumatatu huiinua akipangusa vumbi, huisoma, huirudisha. Mkataba wake umebaki wa miezi mitatu mitatu, ila maelezo ya kazi yamerekebishwa: wakaguzi waliporudi, meneja aliwaketisha bondeni, wakaandika kwamba kuna mtu anayeshuka kilima, na kwamba bila yeye kiwanda kitasimama.