Kiti Chembamba Nilichokipeleka Ukweni

Chekeni tu, jamani, maana hata mimi nikiikumbuka ile Jumapili ya Carama najificha uso nikiwa peke yangu, na wa kulaumiwa ni mimi na macho yangu.

Nilikuwa najiundia baiskeli ya safari ndefu, ya kunifikisha Kigoma kwa shangazi, kipande kimoja kimoja: fremu ya chuma, rimu nene, tairi pana, gia za kupandia milima. Kote huko nilimsikiliza Mzee Hamisi, fundi wangu wa mtaa wa Asiatique, hapa Bujumbura. Tulipofika kwenye kiti akanipa kipana cha ngozi chenye springi, kama vya wale wanaobeba bido, yale madumu ya maziwa (mimi, kijana mtanashati wa Mutakura, nikalie kiti cha muuza maziwa!), nikakikataa, nikachukua chembamba cheusi cha mashindano.

"We mutoto, hii ni kiti ya watu ya course," Mzee Hamisi akasema. "Wao wanakaa saa mbili. We utakaa siku muzima."

"Lakini angalia vile inapendeza, mzee!"

"Haya. Makalio ni yako, apana yangu."

Jumamosi nikaijaribu mpaka Rumonge, kilomita sabini na kitu, na kurudi, ingawa kesho yake nilitakiwa ukweni Carama, kwa kina Nadine mchumba wangu, kwenda kujitambulisha (nilitaka niwe na la kuwasimulia, ndio kiburi chenyewe). Nusu ya njia ya kurudi niliendesha nimesimama juu ya pedali, na Jumapili nikaamka sina pa kukalia.

Basi tukaingia sebuleni, mimi na baba mdogo aliyekuja kunisemea, yeye akakaa, mimi nikagusa ukingo wa kiti tu nikaruka juu. Wakangoja. Bia haikufunguliwa, kwa sababu mgeni hapewi kinywaji akiwa wima.

"Kiti yetu ni muchafu?" mama yake Nadine akauliza.

"Apana, mama. Niko... niko na haraka kidogo."

Mchumba mwenye haraka! Baba yake Nadine akaweka chini kifungulio.

"Haraka ya wapi? Iko nyumba ingine inakungojea leo?"

Nikamwona Nadine machozi yanamlengalenga, nikaogopa kweli, na baba mdogo kwa hasira akanivuta koti, nikadondoka kitini, nikapiga yowe mpaka majirani wakachungulia dirishani. Ikabidi niseme yote: Rumonge, kiti chembamba, Mzee Hamisi, na nilivyokataa kukalia kiti cha muuza maziwa.

Wote wakamtazama baba yake Nadine.

"Muuza maziwa," akarudia polepole, akainuka, akatoka. (Kumbe mimi, mwaka mzima wa uchumba, sikuwahi kuuliza mzee alifanya kazi gani!) Nikajua nimemkosa Nadine.

Akarudi na kiti kipana cha ngozi, kikuukuu, kinang'aa kwa kukaliwa, akaniwekea mikononi.

"Hii ndiyo imesomesha Nadine. Enda nayo Kigoma."

Hapo ndipo wakacheka, bia zikafunguliwa, na mimi wakaniruhusu ninywe nikiwa wima.

Kigoma nilifika nimekaa vizuri, na tangu hapo sichagui kipande cha baiskeli kwa macho, wala sidharau kazi ya mtu kabla sijauliza ni ya nani. Ila hawajasahau: siku ya harusi baba mkwe alikataa sherehe ianze mpaka ahakikishe bwana harusi amekaa.