Chakula cha Kupandishia Boti

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, nilimchukia tangu siku ya msiba. Watu wanalia ndani, yeye yuko mwaloni, kule ziwani boti zinakotia nanga, anaipima boti yetu kwa hatua! Matanga hayajaanuliwa, akanitumia mtu kuniambia kwamba boti ni mali ya ukoo, na kwamba ameshapata mnunuzi kwenye kiwanda kimoja cha samaki kule Nyakato. Mali ya ukoo, eti! Mbao za boti ile nilizinunua mimi, kwa kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara tuliyoachiwa baada ya minofu kwenda Ulaya. Boti ikiondoka, wanangu wangekula nini? Yeye hilo halikumhusu.

Siku ya kuitoa majini niliwahi mwaloni, nikasimama kando ya mteremko wa zege. Shemeji akaja na tela la kuazima na gari lake jipya, jipya kwetu, maana Wajapani walikuwa wameshalichoka. Miaka ile kila aliyepata kidogo alileta gari la namna hiyo, na viti aliviacha na nailoni zake ili tujue. Hakunisalimia. Nami shikamoo yangu niliimeza.

"Hili gari lina akili kuliko nyie," akawaambia wavuvi, akigonga kitufe karibu na usukani. "Tairi likianza kuteleza, lenyewe linajua, linajizuia. Hayo mambo yenu ya kupandiana garini yamepitwa na wakati."

Mambo yetu yalikuwa hivi. Boti ikipandishwa, watu wazito hupanda nyuma ya gari ili matairi yakamate chini. Anayewaita ni mwenye boti, na siku hiyo hiyo huwapikia. Ukishakula chakula hicho, umekubali mbele za watu kwamba boti ni ya aliyekupikia. Ugomvi mwingi pale mwaloni uliishia kwenye swali moja: kwani siku ile ulikula kwa nani?

Haya, akaanza kuvuta. Magugumaji yaliyopondeka yalikuwa yamepaka mteremko wote utelezi. Boti ilitoka majini nusu, matairi ya nyuma yakateleza, taa ndogo ikawaka mbele yake na injini ikajipunguza nguvu yenyewe. Anakanyaga mafuta, gari linaguna tu. Ile akili yake ilikuwa inazuia matairi yasizunguke ovyo, lakini nguvu ya kuvuta boti nayo ikaondoka. Akakizima kitufe kwa hasira. Sasa matairi yakazunguka kama mashine ya kusaga, yakatutapikia matope, na gari likaanza kurudi nyuma kuelekea ziwani. Wavuvi wakawahi kutupia mawe nyuma ya matairi.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mjane mzima, na wala sikuona haya.

"Pandeni basi!" akafoka.

Hakupanda mtu. Mvuvi mmoja mwenye tumbo lake akamuuliza, "Bosi, leo kwako tunakula nini?"

"Nitawalipa!"

"Sisi tumeuliza chakula."

Jiwe moja likateleza. Gari likashuka tena kidogo, maji yakafika kwenye bampa. Shemeji akanigeukia, jasho linamtoka.

"Shemeji, waite hawa watu."

"Niwaite kama nani?"

"Waite tu, bwana!"

"Kama nani?"

Akalitazama gari, akayatazama maji. "Kama mwenye boti," akasema chini chini.

"Hawajakusikia."

"Kama mwenye boti!" akapiga kelele, mwalo mzima ukageuka.

"Haya, wenye miili yenu!" nikaita. "Chakula kwangu, Buzuruga!"

Wakapanda. Wakajaa kwenye buti, juu ya bampa, juu ya viti, na kaptula zao mbichi na magamba ya samaki. Nailoni zikachanika, nikazisikia. Mimi nilikaa mbele, pembeni yake, na matope yangu yote. Gari likapanda taratibu, na boti yangu nyuma.

Juu, akawaambia washuke.

"Tushuke wapi?" akajibu yule mwenye tumbo. "Chakula kiko Buzuruga."

Akatazama nyuma, akatazama njia ya Nyakato, akawasha indiketa ya kwenda kwangu. Wavuvi waliishusha boti uani, nikasonga ugali, nikakaanga mapanki. Yeye alibaki nje akikwangua magamba kwenye viti, hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nikampelekea sahani, kama wote niliowaita.

Aliitazama muda mrefu. Wavuvi wakaacha kutafuna.

Akanawa mikono, akala.