Diski Iliyoshonwa kwa Uzi wa Kijani

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu sheria na kompyuta, na kiburi kilikuwa kimenijaa hadi puani. Sura ya tatu, niliyoipenda kuliko zote, ilidai kwamba rekodi ya kompyuta ikifutwa imekwisha, sawa na karatasi iliyotupwa motoni, kwa hiyo mahakama isihangaike kuitafuta. Profesa aliyeongoza semina yetu Nairobi alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Nenda kwenu," akasema, "ukaiambatanishe diski na kiapo cha maandishi iwe kielelezo, uone sheria inavyoishika. Jumatatu nataka kiapo hicho na sura ya tatu. Ukikosa, utarudia mwaka."

Kwetu ni Mghange, juu milimani, lakini kuchapa nilichapiwa mjini Voi, na mama mmoja Mwislamu ambaye jamaa zake walitoka Mombasa. Kompyuta yake ilikaa dukani kati ya majora ya vitambaa. Siku mbili nilimsomea sura ile kutoka kwenye vikaratasi, sehemu nyingine nikizitunga palepale, naye akichapa bila kuangalia vidole. Printa yake ilikuwa imeishiwa utepe, kwa hiyo kazi yote ikaingia kwenye diski, zile za zamani nyembamba na laini. Kisha nikamwambia afute nakala iliyobaki ndani ya mashine. Nilitaka diski yangu iwe ya pekee, kama hati ya shamba.

"Una hakika, mwanangu?"

Nikamjibu kwamba sheria inataka hivyo. Sheria haikutaka, nilitaka mimi.

Asubuhi hiyohiyo ya kufuta, ilikuwa Ijumaa, niliipeleka diski kwa wakili, pamoja na kiapo changu nilichokiandika kwa mkono. Wakili alikuwa ndani na mteja, hivyo nilimwachia karani wake, mzee wa kutoka milimani kwetu aliyezeekea kwenye mafaili. Niliporudi saa sita, kiapo kilikuwa na sahihi ya wakili na muhuri, na mzee alikuwa amemaliza kazi yake kama alivyoifanya miaka yote. Kielelezo hakiachwi kikining'inia, hushonwa kwenye kiapo. Alikuwa ameitoboa diski katikati kwa sindano ya gunia, akapitisha uzi wa kijani, akafunga fundo.

"Sasa hii haiwezi kupotea," akaniambia.

Hasira zangu huwa karibu, na siku ile zilifika mdomoni. Lakini nilitazama mishono yake. Ilikuwa imenyooka kabisa, na mzee alikuwa akingoja kusifiwa. Nikasema asante, mzee, nikarudi dukani.

Duka la yule mama lilikuwa limefungwa kwa sala. Nilikaa kizingitini nikiuhesabu mwaka wangu kuwa umekwenda. Aliporudi nilimwonyesha diski, naye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya buibui.

"Majuto ni mjukuu," akasema. "Lakini una bahati leo Ijumaa. Tangu utoke sijaigusa mashine. Ngoja tuone."

Aliandika neno moja la amri kwenye kioo cheusi. Mashine ikafikiri, kisha ikatoa jina aliloipa yeye sura yangu, SURA3, ila mahali pa herufi ya kwanza palikuwa na alama ya kuuliza.

"Yaniuliza yaanza na herufi gani," akasema. "Hiyo tu ndiyo iliyoisahau."

Akabonyeza S. Akaifungua, na maneno yakajaa kioo, yote, hata koma zangu. Nikainama karibu na kioo. Sijawahi kukiogopa na kukipenda kitu kwa pamoja namna ile. Na sentensi ya kwanza kabisa, kwa Kiingereza changu cha kujigamba, ilikuwa inaniambia kwamba kilichofutwa hakipo tena.

Mama alinakili sura kwenye diski mpya, akanitazama kwa pembe ya jicho.

"Hii ya mashine niifute, kama sheria inavyotaka?"

"Iache, mama. Tafadhali."

Jumatatu profesa aliigeuzageuza ile diski iliyoshonwa, akauvuta uzi kidogo. Haukulegea.

"Na sura ya tatu?"

"Nimeileta," nikasema. "Lakini si kweli hata kidogo."

Akavaa miwani yake, akavuta kiti kilichokuwa kando yake, akaniambia nikae tuianze upya.