Spana ya Kumi na Nne

Hebu mwone Rosendo Muiba, fundi wa ndege, akija uwanjani asubuhi, akikokota baiskeli kwenye tope la mto Mamoré, sanduku la vyuma limefungwa nyuma kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Mfupi, mpana wa mabega, mkono wa kushoto una vidole vitatu tu. Viwili vilikwenda na pangaboi la ndege siku aliyosema, "Nagusa kidogo tu." Ndiyo maana tulimwita Nane, naye akacheka nasi. Jina la kupewa na watu utalikataa vipi?

Kwenye ukuta wa karakana alikuwa amechora kwa rangi nyekundu umbo la kila spana, kumi na nne. Kwake yeye ndege haiwashwi mpaka kila umbo lifunikwe na chuma chake. Tulidhani ni ukorofi wa uzee. La moyoni hatukulijua. Miaka tisa nyuma alifunga injini akiwa hajalala siku mbili, wenye shehena ya nyama wamemsimamia kichwani, na tambara likabaki ndani. Ndege ikaanguka kinamasini, ikaungua na watu watatu. Lawama akatwikwa rubani, kwa kuwa maiti hajitetei. Rosendo akameza, akanyamaza, akachora ukuta.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto la kukausha ulimi. Tangu alfajiri wachinjaji walikuwa wameangusha ng'ombe ishirini palepale ubavuni mwa ndege, kama kawaida yetu. Damu ikatiririka hadi chini ya magurudumu, mapande yakapakiwa yangali yanatetemeka. Nyama ile ilitakiwa ipande La Paz, huko milimani, kabla haijaoza. Kapteni Nemesio, rubani, alishakaa kitini muda mrefu akisubiri, akibanja kastanya, njugu za msituni zenye ganda gumu, na kutafuna. Ko! Ko! Ilisikika dirishani.

Injini ya kushoto ikanguruma kabla Rosendo hajahesabu. Akatazama ukuta. Umbo moja lilikuwa tupu.

"Zima! Zima!"

"Nini tena?" aliuliza Don Fanor, mwenye nyama.

"Spana moja haipo, Don Fanor. Huenda imo ndani ya injini. Ikiwa imo, huyu rubani hafiki."

"Umehesabu kwa vidole gani, Nane? Si vinakuishia kabla ya kumi?"

Wachinjaji wakaangua kicheko. Nemesio akachungulia. "We mzee, pisha! Nyama inanuka na wewe unahesabu vijiko!"

Injini ya pili ikashika. Ndege ikaanza kusogea.

Rosendo akampokonya mchinjaji kisu, akazunguka mbali na mapangaboi, maana somo hilo alishalilipia, akalichoma gurudumu la mkia. Lililipuka kama bunduki. Kisu kikamrudi, kikampasua paja; mkia wa ndege ukaketi kwenye damu ya ng'ombe.

Nemesio akazima injini, akaruka chini. Ngumi ya kwanza iling'oa jino. Ya pili ilimlaza. Kisha buti, mbavuni, mara nne, mpaka kitu kikalia kama kuni kavu. Don Fanor akafuata na mjeledi. Wale waliocheka walitazama miguu yao.

"Niueni," Rosendo alisema, akitema damu, "lakini itafuteni kwanza."

Mafundi wenzake wawili wakafungua injini zote mbili. Hamna kitu.

"Basi," Don Fanor akasema, akichomoa panga kiunoni. "Ng'ombe ishirini wanaoza hapa. Aliyenifanyia haya namkata mkono. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Rosendo akiwa chini, sikio kwenye tope, akaikumbuka ile sauti. Ko! Ko! Akajikokota, akapanda ndani ya ndege, akashika mapande ya nyama mpaka kwenye kiti cha rubani. Maganda ya kastanya yalikuwa yametapakaa. Na spana hiyo hapo, imejibana nyuma ya pedali ya kuongozea mkia. Mguu ungekanyaga, pedali ingegoma, na mto uko mwisho wa uwanja.

Aliinyofoa. Alipogeuka, Nemesio alikuwa nyuma yake, uso umekuwa majivu.

"Niliichukua sandukuni mwako," alinong'ona. "Ya kubanjia tu. Nikasahau, mzee wangu. Nimekupiga bure. Huyo nje ameapa, na mimi mkono ndio kazi yangu."

Rosendo akampita. Akasimama mlangoni, akaiinua spana juu.

"Imepatikana!" watu wakapiga kelele.

"Ilikuwa wapi?" Don Fanor aliuliza, panga mkononi. "Ni wewe uliyeiweka, au nani?"

Rosendo akafungua mdomo uliojaa damu. Nyuma yake mtu alikuwa akihema vilevile alivyohema yeye miaka tisa iliyopita, siku walipomzika yule rubani na lawama isiyokuwa yake. Haya, nyinyi mlionisikiliza hadi hapa: kwa mdomo ule, mngejibu nini?