Picha ya Mkulima

Majirani walimwita Trekta, na jina lilimkaa vizuri. Tangu mumewe afariki, lile shamba la mahindi alilibeba peke yake: kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna, kupukuchua mpaka vidole gumba vinachubuka. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, hakuwahi kushika jembe ila alipokuwa analisogeza apate pa kukaa. Lakini alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, na mdomo alikuwa nao.

Serikali ilipoanza kuwalipa wakulima ruzuku, bwana shamba alikuja mara moja kwa mwaka, mahindi yakiwa yamesimama. Utaratibu wake ulikuwa wa kivivu kupita maelezo: mkulima anasimama kwenye pembe ya shamba, anapigwa picha kwa simu, basi. Aliye kwenye picha ndiye anayelipwa.

Mwaka wa kwanza, shemeji alimtuma jikoni.

"Shemeji, wageni wamefika, hata chai hawapati?"

Naye, kwa ile heshima ya kijinga tuliyofundishwa sote, akaenda kupuliza moto. Aliporudi na birika, shemeji alikuwa ameshapigwa picha, mabuti yake hayana hata chembe ya tope. Ruzuku ikaingia kwenye simu yake na ikaishia huko huko. Msimu uliofuata Trekta akapanda bila mbolea.

Mwaka wa pili hakupika kitu. Alisimama kwenye pembe ya shamba tangu asubuhi, jembe begani, akimsubiri bwana shamba kama anayemvizia mwizi.

"Shemeji, sogea, unaharibu picha."

"Nisogee niende wapi? Humu ndani wewe hata njia huijui!"

Bwana shamba akaguna. "Mimi sikuja kuamua ugomvi wa familia. Hapa mkulima ni nani?"

Majirani wote wakatazama chini. Mbegu za kikundi zilipitia mkononi mwa mwenyekiti, na nani angejitia kimbelembele? Akabaki mama mkwe, bibi aliyeketi kwenye kigoda chake, ambaye Trekta ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Trekta akamgeukia, roho ikatulia kidogo. Huyu alikuwa ameona kila kitu kwa macho yake.

"Mkulima ni mwanangu," bibi akasema, akimnyooshea kidole shemeji. "Huyu ameolewa tu."

Trekta alichukia, chuki kavu isiyo na chozi, na hakuionea aibu.

Mvua ziliponyesha tena, akakodi kipande cha ardhi ng'ambo ya barabara, akahamia huko na jembe lake. Shemeji akamfuata akitweta.

"Shemeji, mvua ndiyo hiyo! Hulimi?"

"Unaniona nafanya nini?"

"Na kule je?"

"Kule kuna mwenyewe."

Shemeji alidhani ni hasira za siku mbili tatu. Magugu yakafika kiunoni. Bwana shamba alipokuja, akamkuta amesimama kwenye pembe ile ile, nyuma yake majani matupu, akatia simu mfukoni.

"Hapa nimpige picha nani, mbuzi?"

Kisha akavuka barabara, akatazama mahindi ya Trekta, mazito, ya kijani kibichi, akatikisa kichwa. Ardhi ya kukodi haikuwamo kwenye mpango wa ruzuku. Trekta akamwambia aende salama, na asimkanyagie matuta.

Wakati wa mavuno, mama mkwe alikuja akijikongoja kutoka kwa mwanawe, sahani mkononi. Kule hakukuwa na hata gunzi. Akajishusha taratibu kando ya rundo la mahindi, akangoja kukaribishwa. Hakukaribishwa.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "leo tunakula nini?"

Trekta hakuinua macho. Aliendelea kupukuchua.

"Mama, kamuulize mkulima."